Mama wa sungura wa Ngaramtoni: kupewa kwake ni kazi, na mimi naona sawa

Nianze na jibu kwa wenye haraka. Anayetaka sungura wa kufuga nyumbani hapa Arusha aende Ngaramtoni kwa yule mama, nesi mstaafu, anayepokea sungura waliotelekezwa na kuwatafutia pa kukaa. Anayemtaka kwa ajili ya zawadi ya Krismasi asipoteze nauli, hapewi. Shule zikifunga Desemba na yeye anafunga, mpaka Januari watoto warudi darasani. Wiki ya Pasaka vilevile. Nimesikia watu mtaani wakisema mama ana maringo, sungura wenyewe wa kuokota halafu masharti kama ubalozi. Mimi nimechukua wawili kwake, nimeishi nao zaidi ya mwaka sasa, na nina la kusema kuhusu hayo masharti.

Ni fundi umeme wa magari, nakaa Sakina. Mwenye shida ya sungura alikuwa binti yangu wa miaka tisa. Alianza kuomba mwezi wa kumi, anataka awe amempata kabla ya sikukuu. Nikampigia mama, hakupokea. (Hilo la simu nitalirudia, ndilo lalamiko langu kubwa.) Jioni akanitumia ujumbe: "Mtoto ana miaka mingapi, na Krismasi mnaenda wapi?" Nikajibu ana miaka tisa, na tunaenda kwa bibi yake Mkuu, Rombo, kama kila mwaka. Akajibu: "Basi tuonane Januari, baba. Wasalimie Rombo."

Ukikaa huku unamwelewa haraka. Ikifika tarehe ishirini na kitu ya Desemba, nusu ya mtaa wetu imeshafunga mageti, watu wako njiani kwenda Rombo, Marangu, Machame, Kibosho. Anayebaki ni mlinzi na mbwa. Sasa weka hapo sungura aliyenunuliwa tarehe 18, mtoto amemshika siku tatu, halafu safari imefika. Mlinzi anaachiwa nusu kabichi na maelekezo ya dirishani wakati gari linatoka. Sungura siyo kuku wa kujiokotea uani. Utumbo wake hautakiwi kusimama kufanya kazi kamwe. Akipitisha saa kumi na mbili bila kula tayari ni mgonjwa wa dharura. Na kabichi nyingi peke yake inamjaza gesi, ambayo yeye hana uwezo wa kuitoa kwa kucheua.

Mkirudi tarehe 3 kuna ada, kuna sare, kuna daftari. Huo ndio wakati sungura wanaanza kugawiwa, kutupwa au kuliwa.

Wauzaji wa msimu mnawajua. Wanatokea Desemba na matenga yao kando ya barabara, sungura kafungwa utepe mwekundu shingoni. Mwaka ule bei ilikuwa 25,000, wakati miezi ya kawaida unampata kwa 10,000 kwa wafugaji. Jirani yangu alichukua wawili. Aliambiwa wote majike, wakubwa tayari, hawatakua zaidi ya hapo. Walikuwa watoto, hata wiki nane ambazo mtoto wa sungura anatakiwa kukaa na mama yake sidhani kama walizimaliza. Kuhusu ujike ni mmoja tu kati yao. Sungura anaweza kushika mimba akiwa na miezi minne au mitano, anaibeba mwezi mmoja, na anaweza kupandwa tena siku ileile aliyozaa. Kabla ya likizo ya Juni jirani alikuwa na watoto saba kwenye boksi la televisheni, ananiuliza kama gereji yangu haina nafasi. Muuzaji alishahamia kwenye biashara ya miavuli.

Wenzetu nje wana shida hiyohiyo, ila kwao kilele ni Pasaka. Sungura wa Pasaka ni mila iliyotoka Ujerumani, ikavuka na wahamiaji kwenda Marekani, na kwetu imeingia kwa kadi, katuni na madirisha ya supamaketi. Huko Marekani kuna watu, House Rabbit Society, walioanza 1988 California kuokoa sungura na kufundisha watu kuwafuga ndani ya nyumba. Na mwaka 2002 tawi lao la Ohio likaja na kampeni ya kuwaambia wazazi wanunue sungura wa chokoleti, waachane na wa kweli. Mama wa Ngaramtoni anaijua kampeni hiyo. Amebandika karatasi yake ukutani, chini yake ameandika kwa kalamu: "Na Krismasi pia."

Januari tukaenda, mimi na binti. Unashuka kituoni Ngaramtoni, unachukua bodaboda kuingia ndani. Mabanda yako chini ya migrevilea, yameinuliwa usawa wa kiuno, yamejaa. Wengine alikuwa amewaweka kwenye banda la kuku la zamani. "Huu ndio msimu wangu wa mavuno," alisema, na hakuwa anacheka. Alinionyesha mmoja aliyeletwa na mzee aliyemwokota shambani, mwenye sungura alimwachia huko akisema atajitafutia. Watu wanaamini hivyo kwa sababu wanaona sungura wa porini wakikatiza barabara usiku. Hao ni wanyama wengine kabisa. Wa bandani asili yake ni Hispania na Ureno, amefugwa karne nyingi, na mwewe wa Ngaramtoni hana haja ya kumkimbiza. Zile hadithi za sungura mjanja anayemzidi akili fisi, tulizokulia wote, zimewaponza hawa.

Mahojiano yalianza na mtoto.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu. Sungura utamfanyia nini?"

"Nitacheza naye. Nitamlisha karoti."

"Na mkojo ataosha nani?"

Binti akanigeukia. Mama akasema: "Ehee. Mwangalie vizuri huyo, ndiye mwenye sungura. Wewe ni msaidizi."

Hapo ndipo alipoanza kupata alama zangu. Sungura akitunzwa anaishi miaka minane mpaka kumi na miwili. Huyu wa darasa la nne leo, sungura wake anaweza kuwa hai yeye akiwa chuo, bweni, mkoa mwingine. Mama hamkabidhi mtoto sungura, anamkabidhi mtu mzima, na jina la mtu mzima ndilo linaingia kwenye daftari. Aliniuliza kama nimepanga, na kama mwenye nyumba anajua. Aliuliza mbwa. Aliuliza miti iliyopo uani, nikataja mparachichi, akaniambia banda likae mbali nao na mtoto aokote majani kila yanapodondoka, maana parachichi, majani na tunda lake, ni sumu kwa sungura. Majani ya nyanya na ya viazi mviringo nayo hapana. Nilipomwambia kazi yangu akasema vizuri, basi nyaya nitazificha mwenyewe. Ni kweli, sungura anakata waya wa chaja kwa ng'ato moja, safi kuliko koleo langu. Sebuleni sasa kila waya uko ndani ya bomba la plastiki.

Hakutupa siku ile. Sharti lake ni kwamba mtoto na mzazi waende kwanza Jumamosi kusafisha mabanda, wamshike mnyama, wanuse harufu yenyewe. Wengi wanaishia hapo. Nilimwona baba mmoja na viatu vya kanisani akigeuza gari.

Siku ya kusafisha ndiyo niliyojifunza zaidi, na ningeilipia hata kama ningeondoka mikono mitupu. Alimtoa dume mmoja wa rangi ya kahawia, ambaye binti alishamwita Mandazi, akamweka kwenye meza yenye gunia ili asiteleze. Mkono mmoja chini ya kifua, mwingine umebeba makalio, mwili wote umegusa kifua chake. Hamshiki masikio kabisa. Akatuambia miguu ya nyuma ya sungura ina nguvu na mifupa yake ni myepesi, akirusha teke hewani wakati ananing'inia anaweza kujivunja uti wa mgongo mwenyewe. Kisha akainua mdomo wa juu kwa kidole gumba. Meno mawili marefu ya mbele yanatakiwa kushuka mbele kidogo ya yale ya chini. Akamwinamisha kwenye mwanga, tukaona nyuma ya hayo mawili kuna mengine mawili madogo sana, yamejificha. Binti alipiga kelele kwa furaha. Panya hana hayo ya nyuma, mama akasema, ndiyo maana sungura si jamii ya panya, na mwalimu akikubishia mlete kwangu.

Meno yote hayo yanaota maisha yake yote. Kinachoyasaga ni nyasi. Hilo alilirudia mpaka nikaota: chakula cha sungura ni nyasi, kavu, wakati wote, asizikose mchana wala usiku. Sisi tunanunua robota la hei wanalouziwa wafugaji wa ng'ombe, linakaa muda mrefu ukiliweka pakavu. Juu yake unaongeza majani mabichi ya siku hiyo: matembele, mashona nguo, majani ya karoti. Karoti yenyewe ni sukari, kipande cha kidole kinatosha kumfurahisha. Zile pelleti za dukani zimetengenezwa kwa wanaonenepesha wa nyama. Wa nyumbani anapewa kiganja kidogo. Binti aliuliza kwa nini Mandazi anainama na kula mavi yake. Mama akaeleza bila kukunja uso kwamba yapo ya aina mbili, yale makavu ya duara anayaacha, na yale laini anayachukua moja kwa moja akayale tena, kwa kuwa yana vitamini ambazo utumbo haukuwahi kuzichukua mara ya kwanza. Ukiona laini yametapakaa bandani bila kuliwa, punguza pelleti.

Mandazi alikuwa ameshahasiwa. Mama hatoi dume mzima, na hatoi mmoja peke yake kwa nyumba isiyo na sungura mwingine, maana ni mnyama wa kuishi na mwenzake. Akatupatia na jike wa kijivu, mtulivu mchana, ila usiku mbwa akibweka anapiga mguu chini mpaka nyumba nzima inaamka. Anaitwa Askari. Dume akihasiwa anaweza bado kutia mimba kwa wiki kadhaa, kwa hiyo alikuwa amewatenga wiki sita kabla ya kuwakutanisha. Askari naye alikuwa ametolewa kizazi. Sikuelewa haja yake mpaka daktari wa mifugo anayekuja pale aliponieleza kwamba majike wasiofanyiwa hivyo, wengi wao hupata saratani ya mji wa mimba umri ukienda.

Gharama: nilichangia 60,000 kwa wote wawili, na daftari linaonyesha zilikokwenda, karibu zote kwa daktari. Kwa bei ya tenga la Desemba, wawili wangekuwa 50,000, bila daktari na bila kujua nani dume. Ukisaini unakubali mambo machache: hauzwi, hagawiwi, hachinjwi, na ukishindwa kwa sababu yoyote unamrudisha kwake, hakuulizi maswali ya kukuaibisha. Hilo la kurudisha ndilo linalomtofautisha na kila muuzaji niliyewahi kumwona. Muuzaji akishapokea hela yako hakujui.

Kuhusu kuchinja, nisieleweke vibaya. Sina ugomvi na wafugaji wa sungura wa nyama. Tengeru na Usa River wapo, nyama yake nzuri, mkojo wake watu wanapulizia mboga. Hiyo ni biashara na ina heshima yake. Ninachokataa ni mnyama aliyepewa jina na mtoto Desemba, Februari anakuwa mchuzi, na mtoto anaambiwa ametoroka.

Sasa mabaya, na yapo.

Simu. Mama hapokei simu. Anajibu ujumbe akitaka, mara nyingi saa kumi alfajiri, kwa sauti ya dakika sita inayoanza na salamu za kila mtu. Kwa anayeulizia tu siyo tatizo, kwa mwenye mgonjwa ni mateso. Pili, anahubiri. Maelezo yake ni mazuri, lakini ukishayasikia unayasikia tena, hasa ukija na mgeni. Tatu, masika ile njia ya kwake haipitiki kwa gari dogo, na mabanda ya upande wa chini yanapata maji. Harufu siku hizo ni kali na nilimwambia ukweli. Alisema anajua, mabati yanasubiri hela. Nne, alilikataa banda langu kwa picha tu. Nilikuwa nimeweka wavu wa chuma chini ili uchafu udondoke, wafugaji wengi ndivyo wanavyofanya. Akasema sungura hana nyama chini ya unyayo, ana manyoya tu, wavu utamtoa vidonda. Ilinigharimu mbao na wikendi. Binafsi naona angeweza kulisema hilo siku ya kwanza, au kuliandika kwenye ile karatasi anayogawa.

Karatasi yenyewe, hata hivyo, iliokoa Mandazi. Usiku mmoja aligoma kula, amejikunyata kwenye kona anasaga meno kwa maumivu. Duka la dawa nililoenda, muuzaji akanishauri nimpe amoksilini ya watoto, ile ya maji. Karatasi ya mama, mstari wa kwanza kwa herufi kubwa: AMOKSILINI YA KUMEZA MARUFUKU. Dawa hiyo mdomoni inaua bakteria wazuri wa utumbo wa sungura, wabaya wanashika nafasi, anaharisha na kufa. Nikamtumia mama ujumbe, nikampigia daktari ambaye namba yake ipo hapohapo kwenye karatasi. Daktari akaja asubuhi, akamwekea maji chini ya ngozi, akamchoma sindano ya maumivu, akatufundisha kumnywesha uji wa majani kwa bomba la sindano, kidogo kidogo pembeni mwa mdomo. Jioni kulikuwa na mavi bandani, na sijawahi kufurahia mavi vile. Jibu la mama liliingia saa kumi alfajiri ya siku ya pili, dakika saba.

Na Desemba iliyofuata nikagundua huduma ambayo haitangazi: waliochukua kwake wanaweza kuwaacha hapo wakati wa safari, 1,000 kwa siku kwa sungura, nyasi unaleta mwenyewe. Unatakiwa useme mapema, mwisho wa Novemba nafasi zimekwisha. Tuliwaacha, tukaenda Rombo, tukawakuta wazima, Askari amenenepa kidogo.

Nampa nyota nne. Ya tano imekaa kwenye simu.

Ukienda, usiende Jumapili asubuhi, yuko ibadani. Hela taslimu ya shukrani hapendi, anachukua robota la hei au bati. Na kama kuna kijana wa Ngaramtoni mwenye nafasi jioni za kumpokelea simu na kujibu ujumbe, aende amwone. Amesema anatafuta mtu, malipo ni trei ya mayai kwa wiki, na mayai ya kwake ni ya kienyeji kweli.